Kivuli cha Kilomita Thelathini na Mbili

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, Huguette Mwange alikuwa anafagia uwanja namba saba wa kambi ya serikali, kilomita thelathini na mbili kwenye barabara ya Kasenga, malori matatu yalipokuja kusimama mbele ya kizuizi. Alimaliza kufagia kwanza. Kisha akafunga upya kitenge chake, akaenda kuwauliza wenye malori kama wangelala siku moja au zaidi.

Watu walikuja pale kulala. Kila kiangazi familia za Lubumbashi zilipanda na mahema, masufuria na gunia la makaa, zikakaa siku tatu au nne chini ya miti. Mahali pengine pote pembeni mwa barabara ile msitu ulikuwa umeishia kwenye tanuri za makaa. Pale ulikuwa umebaki kwa sababu ulikuwa wa serikali, na kwa sababu ya Huguette, ambaye alirithi kazi ya ulinzi kwa marehemu mumewe miaka ishirini na miwili iliyopita na hakuwahi kuruhusu hata tawi kavu litoke bila kuulizwa linakwenda wapi.

Kutoka lori la kwanza alishuka kijana mwenye viatu safi. Alijitambulisha kuwa ni ingénieur Précieux, mhandisi wa ofisi ya misitu.

"Mama, siye hatukuye kulala," alisema. "Tulikuya kukata miti ya magonjwa."

"Miti gani iko na magonjwa?"

"Yote."

Alimwonyesha karatasi yenye mihuri minne. Huguette aliisoma mbele na nyuma. Halafu akaingia katika nyumba yake ya matofali, akatoka na daftari la wageni.

"Kila muntu mwenye kuingia hapa anaandika," alisema. "Weye pia utaandika. Jina, bantu bangapi, munakuya kufanya nini."

Précieux alicheka, lakini aliandika. Watu kumi na tisa. Kukata miti.

Walikata kwa siku kumi na moja. Huguette alihesabu kwa chaki kwenye ukuta wa nyumba yake: miti mia mbili na kumi na minne. Mibanga, mipundu, mitondo, na mikula michache, yenye mbao nyekundu za bei kubwa, ambayo wakataji waliitanguliza, wakaifunika kwa turubai. Kila shina lilipoanguka alikwenda kutazama kisiki. Mbao zilikuwa nzima, zenye rangi ya asali, hazina hata tundu la mdudu. Aliwaita wakataji waje kuona. Walikuja, wakaona, wakarudi kwenye misumeno yao. Magogo yakaenda zao njia ya Sakania, mpakani, mchana kweupe, na Huguette akasimama kwenye kizuizi bila kukiinua, hata dereva wa kila lori ikambidi ashuke akiinue mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata aliamka akafagia, maana visiki havimzuii mtu kufagia. Jua lilipofika utosini alikuwa ameinama kwenye uwanja namba saba, akasikia baridi mgongoni. Akanyoosha mgongo. Ardhi chini yake ilikuwa nyeusi, na giza hilo lilikuwa na umbo: shina, matawi, majani madogo madogo yanayotikisika. Alitazama juu. Kulikuwa na mbingu tu. Alitazama kisiki. Kilikuwa kisiki.

Akatembea kambi nzima. Vivuli vyote vilikuwepo, kila kimoja mahali pake, vikisogea na jua kuelekea mashariki jinsi ilivyopasa. Kwenye kivuli cha mpundu mkubwa kulikuwa na kivuli cha ndege aliyetua, akijikuna chini ya bawa. Huguette alirudi, akamalizia kufagia, akaandika kwenye daftari: "Miti imekwenda. Vivuli viko."

Mwezi wa saba shule zilifungwa, na wa kwanza kufika alikuwa Damien Kambale, mwenye duka la jumla la sabuni na mafuta, mtu wa Butembo aliyehamia Lubumbashi akiwa kijana. Alikuja na mkewe Geneviève na watoto wao, kama kila mwaka, namba saba. Alizima gari, akavua kofia, akasimama akitazama visiki.

"Nani alifanya hii?"

"Ofisi," alisema Huguette.

Geneviève alikuwa tayari ameshuka. Alitembea hadi katikati ya kivuli, akavua kandambili, akasimama peku kupima ubaridi wa udongo.

"Damien, leta hema," alisema. "Hapa pako pazuri."

Walipiga hema. Kwenye kitanda cha kamba cha kuning'inizwa ndipo walipopata shida, kwa sababu kivuli hakishiki kamba. Damien alizungusha mara mbili mahali ambapo shina lingekuwa, kitanda kikaanguka, akaenda kukata nguzo. Hadi mwisho wa wiki kulikuwa na mahema ishirini, na watu walipikia ugali wa bukari na samaki wa Kasenga kwenye majiko ya mbabula palepale walipozoea kupikia. Watoto waligundua kwamba vivuli vya majani vinawapita mikononi bila kuwakuna. Baada ya siku mbili walichoka na mchezo huo, wakarudi kwenye mpira.

Mwezi wa nane ikaja barua ya ofisi. Ilisema kwamba kilomita thelathini na mbili hapakuwa na msitu, wala hapakuwahi kuwa na msitu. Palikuwa ni nyika tupu, iliyoandikwa msitu kwa makosa ya wakoloni. Kwa hiyo hakuna mti uliokatwa. Kwa hiyo kambi haina maana. Tume ingekuja kuthibitisha, kisha ardhi ingegawanywa viwanja.

Huguette aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya mahema. Sauti yake haikukatika. Kuiba miti, alisema, mtu anaweza kukuelewa, njaa ni njaa, tamaa ni tamaa. Lakini kuja kumwambia mwenye macho kwamba hakuona!

"Hatutoke," alisema Geneviève, akiendelea kukoroga sombe, majani ya muhogo.

Tume ilifika adhuhuri, watu watano na meza ya kukunja. Ingénieur Précieux alikuwa mmoja wao. Huguette aliwapangia viti juani, kwenye njia ya magari, mahali ambapo hata zamani hapakuwa na mti. Walikaa. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye koti, alifuta jasho mara tatu. Mara ya nne alisimama, akachukua kiti chake, akakihamishia chini ya mbanga wa namba saba, na wengine wakamfuata na meza.

"Andika," alimwambia Précieux. "Hapana miti. Hapana alama ya miti."

Huguette alisogea mpaka mezani.

"Andika kwanza fasi, mahali penye mulikaa," alisema. "Ingénieur, uko mu kivuli ya nini?"

Précieux alitazama karatasi, ambako kivuli cha tawi kilikuwa kinapita polepole juu ya mkono wake. Akatazama juu.

"Ni wingu, mama."

Lubumbashi haikuwa imeona wingu tangu mwezi wa nne. Mwenyekiti alitazama mbingu ya buluu kwa muda, akakubali kwa kichwa, na Précieux akaandika: wingu. Kuanzia siku hiyo, katika karatasi zote za ofisi, kitu kile kiliitwa wingu.

Huguette alifungua daftari la wageni, akaonyesha ukurasa. Watu kumi na tisa. Kukata miti. Sahihi.

"Hii sahihi iko ya nani?"

"Ile daftari haiko document officiel ya serikali," alisema mwenyekiti. "Muhuri wake ni wa zamani."

Walikunja meza. Kabla ya kuondoka, karani wao mmoja aliomba maji, akayanywa akiwa ameegemea hewa, bega limeinama kidogo kama la mtu anayetafuta shina. Huguette alimpa maji. Hakumpa kwaheri.

Kesho yake Damien alirudi mjini, akaja na magunia kumi ya chokaa. Wanawake wa kambi walifuata kingo za kila kivuli saa ileile jua likiwa utosini, wakamwaga chokaa, wakaandika katikati jina la mti na namba yake. Mubanga 1. Mubanga 2. Mupundu 3. Iliwachukua siku sita kwa sababu walifanya kazi kwa nusu saa tu kila siku, kabla vivuli havijasogea. Geneviève ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi. Alichora hata majani. Walipomaliza ilikuwa mia mbili na kumi na minne. Mtu aliyepita kwenye barabara akiwa juu ya lori aliweza kuusoma msitu mzima.

Ofisi ilituma tingatinga. Dereva alimwaga udongo mwekundu juu ya chokaa yote na kuulaza vizuri. Vivuli vikalala juu ya udongo mwekundu. Ilipofika saa ya kula, dereva aliegesha mashine chini ya mpundu, akafungua sahani yake, na Huguette akaenda kumwambia kwamba ameegesha juu ya namba tatu. Dereva aliomba radhi, akasogeza mbele hatua chache. Wanawake wakanunua chokaa nyingine.

Mwezi wa tisa Huguette aliandikiwa kwamba kazi yake imefutwa, kwa kuwa hakuna kambi. Arudishe funguo na daftari. Alirudisha funguo. Nyumba ya matofali ilibomolewa siku ya Jumanne, pamoja na ukuta wenye chaki. Huguette alitazama mpaka tofali la mwisho. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke bila kuyafuta, kisha akamwomba Damien hema. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapa watu mahali pa kulala, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya hema. Alilisimamisha pale ambapo wapimaji walikuwa wamevuta uzi wa msingi wa ukuta wa kuzungushia viwanja, uzi ukapita chini ya mkeka wake.

Polisi wakaja, wakampandisha gari, wakampeleka mjini. Afisa aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa taratibu. Alichukua karatasi mpya.

"Balikukuta wapi?"

"Ku musitu ya serikali."

Afisa alipekua faili. "Hapa banasema musitu haiko."

"Bon. Andika kambi."

"Kambi pia haiko."

"Sasa uandike mu kivuli."

Afisa alifikiri. Neno la ofisi lilikuwa wingu. Aliandika kwamba mshtakiwa alikutwa chini ya wingu, akaisoma sentensi hiyo mara mbili, akaona kwamba hakuna sheria inayokataza. Alimuuliza Huguette kama ana nauli. Jioni haijaingia, Huguette alikuwa amerudi kwenye hema lake, na Geneviève amemwekea bukari chini ya sahani.

Viwanja viliuzwa hata hivyo. Matangazo yalibandikwa mjini, herufi kubwa za kijani, na Damien alibandua moja akamletea Huguette. Liliandikwa: "Viwanja kilomita 32. Mahali patulivu, penye kivuli." Huguette alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza, kwa sababu aliona kwamba wameuza na hicho pia.

Fundi wa ukuta alikuwa mtu mzima, Godefroid, kutoka Kambove, ambako alichimba mawe mpaka magoti yakakataa. Alijenga tangu upande wa barabara hadi alipofika kwenye hema. Akasimama, mwiko mkononi.

"Mama, ukuta inapita apa."

"Ipite."

"Weye uko ndani ya njia."

"Minajua fasi niko."

Godefroid alikaa juu ya tofali. Alitazama hema, akatazama kivuli kilicholifunika, ambacho majani yake mapya yalikuwa yameanza kutoka kama yanavyotoka kila mwaka mvua ikikaribia, nayo yangekuwa mekundu kama yangekuwa na rangi. Alikunja uzi wake. Akaenda upande wa pili wa hema, akapima upya, akaendelea kujenga kutoka hapo. Ofisini alieleza kwamba pale kuna wingu.

Ukuta ulikwisha kabla ya mvua za kwanza. Una urefu wa mita mia nane, na pengo moja lenye upana wa hema na mtu. Magogo hayajarudi, wala hakuna aliyeulizwa yalikokwenda. Ingénieur Précieux amepandishwa cheo. Ofisi yake iko ghorofani na ina mashine ya baridi. Ndani ya ukuta zimeanza kuinuka nyumba mbili, na wenye nyumba wamepaka bati rangi ya giza ili kuvificha vivuli, lakini matawi yanaonekana juu yake vilevile. Vivuli vyembamba, vya miche, vimeanza kuonekana nje ya ukuta, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo miti ilikatwa kabla Huguette hajazaliwa.

Jumamosi watu huteremka kwenye mabasi na mikeka na masufuria, huinama kidogo kama wanaokwepa matawi, huingia kwa pengo. Wenye nyumba walilalamika mara moja. Huguette aliwapa daftari waandike malalamiko yao, na jina, na watu wangapi, na walikuja kufanya nini pale.

Juzi alikuja mama mmoja wa Katuba na wajukuu sita, mara yake ya kwanza. Aliuliza kama bado kuna nafasi. Huguette alisimama, akakinga macho kwa kiganja, akatazama kambi.

"Ku mubanga kumejaa bantu," alisema. "Mwende ku mupundu, kule mwisho. Lakini mubebe blanketi. Pale, ata saa sita midi, iko baridi."