Siku Nzembi Alipokataa Kuanguka

Nilimvuta mkono, nikageuza kiuno, nikapiga ukelele wangu ule wa kutetemesha madirisha, na Nzembi akabaki amesimama. Hakusogea hata kidogo. Alisimama pale uwanjani mbele ya kanisa la Sagalla kama nguzo ya stima, mkono wake ungali begani kwangu, akinitazama kwa upole ulioniudhi kuliko tusi.

"Nirushe, Kathini," akasema.

Nikavuta tena. Akina mama waliokaa kwenye mabenchi waliyoyatoa kanisani waliacha kupiga makofi. Wasichana waliojipanga nyuma yetu, wengine bado na sare za shule, wakatazamana. Jasho lilinitoka mpaka likaniingia machoni. Nilikuwa nimemrusha mwanamume huyu kila sikukuu ya taifa, kila shule ikifunga, kila harusi ya watu wapendao mbwembwe, halafu leo ananifanyia hivi mbele za watu!

"Anguka," nikamnong'oneza, meno yamekutana.

"Leo hapana."

Wacha nieleze tulikotoka, maana asiyetujua atadhani Nzembi ni mkorofi. Tulikuwa na kikundi cha maonyesho ya karate pale Voi, na nyota wa kikundi hicho nilikuwa mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Mtangazaji aliniita Simba Jike wa Tsavo. Niliingia peke yangu, vazi jeupe limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na wanaume wenye visu vya mbao vilivyopakwa rangi ya fedha wakanizunguka. Nilimtupa huyu, nikamkunja yule. Nzembi alikuwa wa mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Alipaa juu ya bega langu, akajikunja hewani, akatua kwa kishindo kilichowafanya akina mama waseme "Woi!" kwa pamoja. Kisha nilimwekea mguu kifuani, na uwanja mzima ukalipuka.

Sokoni nilikouza mitumba, watoto walinifuata nyuma wakirusha mateke. Wateja wasumbufu walininyenyekea. Nami niliamini. Nani asingeamini? Mtu mwenye kilo karibu mia anapaa kila ukimgusa, utasema nini kama si kwamba una nguvu?

Ndipo Mama Shanice alipoteremka kutoka Sagalla kuja kibandani kwangu. Jina lake ni Gertrude, lakini tangu ajifungue binti yule hakuna aliyemwita hivyo. Siku hiyo hakugusa nguo hata moja. Aliniambia kuna mwanamume anayejificha vichakani kwenye njia ya kuteremkia bombani. Alikuwa amewashika wasichana wawili, siku tofauti. Wa kwanza aliponyoka, wa pili aliokolewa na bodaboda aliyetokea kwa bahati. Nao maji hufunguliwa alfajiri, kwa hivyo wasichana lazima wateke kabla ya kwenda shule.

"Kwangu anayebeba maji ni Shanice," akasema. "Nikimwambia asiende, hatuna maji ya kupikia. Akienda, nakaa mlangoni roho mkononi mpaka nimwone. Tufundishie mabinti zetu, mwalimu. Nilikuona ukiwaangusha wale wanaume."

Nilikubali kabla hajamaliza. Yaani moyo ulinivimba! Nzembi nilimchukua kwa sababu moja tu: nilihitaji mtu wa kuanguka. Siku za kazi alikuwa baunsa kwenye klabu moja mjini, kazi yake kuwatoa nje walevi wasiotaka kutoka. Tulipopanda pikipiki kwenda mlimani aliniuliza nitawafundisha nini.

"Kile tunachofanya kila siku," nikamjibu.

Hakusema neno tena mpaka tukafika juu. Nilidhani anaogopa zile kona.

Basi nirudi pale nilipoanzia: nimeshika mkono wa mtu asiyeanguka. Nzembi alitoa mkono wake begani kwangu taratibu, akawageukia akina mama.

"Mama zangu, mnisamehe," akasema. "Huyu dada ni hodari na ninamheshimu. Lakini hajawahi kunirusha. Mimi huruka."

Akina mama wakanigeukia mimi.

"Akinivuta, nasikilizia kiuno chake, kikifika mahali pake naruka mwenyewe. Sisi sote huruka wenyewe. Ndiyo kazi yetu, na ni kazi nzuri, watu hufurahi. Lakini yule jamaa wa huko njiani hajafanya mazoezi na Shanice. Yeye hataruka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifikiria kuvua mshipi wangu mweusi, nimtupie usoni, niteremke mlima kwa miguu hadi Voi. Kusema kweli nilikwisha kugeuka.

Aliyenizuia ni Mama Shanice. Hakumtazama Nzembi. Alinitazama mimi, amemshika binti yake kwa kiwiko, na uso wake haukuwa na kejeli yoyote, ulikuwa na hofu tupu.

"Sasa huyu mtoto wangu atafanyaje?" akaniuliza.

Hapo hasira iliniisha. Nilimtazama Shanice, mwembamba vile, shingo kama ya kuku wa kienyeji, nikamwona njiani na mtungi wake, anageuza kiuno kama nilivyomwelekeza, anapiga pozi langu la Simba Jike, na yule mtu haanguki. Ningekuwa nimempeleka mwenyewe mikononi mwa mtu yule.

"Nzembi," nikasema, "huko kazini kwako, ukimshika mtu mdogo, huwa anakuponyokaje?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hapigani nami. Anatoroka."

Tukaanza upya. Nzembi aliwashika mmoja mmoja, kwa adabu, mama zao wakitazama. Aliwafundisha kuangusha mtungi uliojaa kwenye miguu ya mtu. Aliwafundisha kukaa chini kwa ghafla, kujilegeza wawe wazito kama gunia la mahindi, maana mtu aliyesimama ni rahisi kumburuta. Kung'ata, na kung'ata kweli. Kisha kukimbilia nyumba iliyo karibu, hata kama ni ya mtu mliyenuniana naye.

"Na kuna kitu kimoja cha Kathini ambacho si maigizo," akaongeza. "Ile sauti. Mimi mwenyewe hushtuka kila siku."

Hicho ndicho nilichowafundisha, na ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Mabinti wa pale wamelelewa kusema kwa sauti ya chini. Mbele ya wakubwa hawapazi sauti ila wakiimba kwaya. Niliwaambia wapige kelele, wakafunika midomo kwa viganja na kucheka. Shanice ndiye alikuwa wa mwisho kabisa, sauti yake kama kifaranga. Ikabidi akina mama waamue jambo: wakasimama wao kwanza, na vilemba vyao vya kanisani, wakapiga ukemi wakielekea bonde mpaka mbwa wakabweka ng'ambo ya pili. Wakakubaliana papo hapo kwamba sauti ya msichana ikisikika njiani, kila mlango utafunguka, haijalishi nani anapika nini.

Tulipanda Sagalla Jumamosi nyingi baada ya siku hiyo. Siku moja Shanice alimng'ata Nzembi hadi damu ikatoka. Msichana aliganda, anasubiri kugombezwa. Nzembi aliutazama mkono wake, akaunyanyua juu kama mtu aliyeshinda kombe, akapaza sauti, "Huyo sasa!"

Maonyesho hatukuyaacha. Mpaka leo tunaitwa, na Nzembi angali anaruka, ingawa mgongo siku hizi unamlalamikia na tumepunguza kishindo. Tofauti ni kwamba sasa najua. Nikishika mkono wake mbele ya umati, nasikia jinsi anavyojiandaa, anavyoupanga mwili wake mzito ili mimi nipendeze. Miaka yote ile alikuwa akinibeba, na mimi nikidhani ninamtupa. Nashukuru kila mara anapoondoka ardhini. Lakini asante yenyewe, ile ya kutamka kwa mdomo, ilichelewa hadi asubuhi moja nikiwa sokoni nafungua mafurushi, simu ikalia. Alikuwa Mama Shanice.

"Mwalimu, amemshika."

Nikakaa juu ya furushi. Akaendelea, akihema, maneno yanakanyagana. Mtu yule alitokea nyuma. Shanice aliuachia mtungi, ukamwangukia mguuni. Akakaa chini. Akamng'ata, na akapiga ukelele ambao hata mama yake hakuujua kuwa ni wa mwanawe. Milango ikafunguka kila upande. Jirani alitoka na mwiko unaochuruzika uji. Yule mtu akakimbia, vijana wakamkamata barabarani chini, sasa yuko mikononi mwa polisi. Shanice ana michubuko mkononi na amepoteza kiatu.

Nililia pale pale, wateja wakadhani nimefiwa. Kisha nikampigia Nzembi. Asubuhi huwa amelala kwa sababu ya kazi yake, na sauti yake ilikuja nzito.

"Shanice ameshikwa leo njiani," nikasema.

Nilisikia kitanda kikilia alipoinuka. "Amefika nyumbani?"

"Amefika. Yuko jikoni kwa mama yake, anakunywa chai."

Nikasikia kwamba mwanamume huyu, anayewabeba walevi wawili kwa mpigo, analia, na anajaribu nisisikie.

"Nzembi, asante," nikamwambia. "Asante kwa kunikatalia siku ile."

Akavuta kamasi, akakohoa, akajikaza.

"Kathini."

"Eeh."

"Mpigie mama yake. Mwambie aongeze sukari kwa hiyo chai."