New York ya Mabua

Mimi nina wivu. Naanza na hilo usije ukalisikia kwa mtu mwingine hapa Nyahanga ukadhani nilikuficha. Nina wivu na mke wangu, nina wivu na ngoma yangu, na mwaka ule wa sabini na moja nilimwonea Makoye wivu mpaka chakula kikawa hakipiti kooni.

Jina langu Nkwabi, manju wa Bagalu. Kama hukukulia huku kwetu, ngoma zina pande mbili, Bagalu na Bagika, na kila mtu ana upande wake. Tukishauza pamba, pande zote mbili zinawekwa uwanja mmoja, siku moja, kila mmoja anapiga ngoma yake wakati ule ule. Hakuna anayetoa maksi za sauti nzuri. Miguu ya watu ndiyo inayosema. Watazamaji wakikuhama wakaenda kwa mwenzako, umekwisha. Na hapa kwetu kuna sharti jingine: jua likizama na upande wako amebaki mtazamaji hata mmoja, huwezi kuitwa mshinde. Hata awe bibi kizee asiyeona. Amesimama kwako, basi umepona.

Misimu mingi Makoye, manju wa Bagika, alikuwa anaponea kwa shangazi zake. Mimi nilikuwa na uwanja mzima, yeye ana shangazi zake wamejifunga khanga wanampigia vigelegele vya huruma. Tulizoea hivyo. Kisha akaenda Mwadui kwenye almasi, akawa dobi wa Mzungu mmoja wa mashine, Mmarekani, na aliporudi alirudi na mashati yaliyonyooka na mdomo uliojaa Amerika.

Sasa nikuambie habari za Limi, mke wangu. Nilimwoa kutoka nyumba ya Bagika, akahamia upande wangu. Ni mwanamke mzuri, sisemi kwa kujisifu, wanasema wengine, na hapo ndipo shida ilipo. Sikupenda aende mnadani peke yake. Sikupenda akae sana kisimani. Nilipoalikwa kucheza Mwanza, Tabora, Nzega, nilimwacha kwa mama yangu pamoja na mtoto wetu Melania. Aliniomba mara nyingi nimpeleke walau Isaka akaone treni. Nikamwambia treni ni chuma tu, chuma hata jembe ni chuma.

Basi siku moja ya soko Makoye akaja na kitu chake kipya. Vijana wake walibeba daraja la mbao lililopakwa rangi nyekundu, wachezaji wanapita juu yake mmoja mmoja huku wanatikisa mabega, na yeye anaimba: San Fransisko, San Fransisko, wageni wanakuja kwa meli, wanakuja kwa ndege, wanakuja kuvuka daraja na kurudi. Hilo tu. Wimbo wenyewe hauna kichwa wala miguu. Lakini watu waliacha viazi vyao chini wakaenda kutazama.

Jioni nilimkuta Limi anachambua kunde, anaimba San Fransisko. Kunde zangu, nilizolima mimi.

"Unaimba nini?" nikamwuliza.

"Naimba tu, Baba Melania."

"Hilo daraja lina nini mpaka liimbwe?"

"Anasema ukisimama juu yake, ukungu unapita chini ya miguu yako. Na bahari unaiona."

"Nani kakuambia hayo?"

"Kaimba sokoni. Masikio sikuyaacha nyumbani."

Moyo uliwaka. Nikaona wazi kinachokuja. Mwanamke akianza na wimbo wa mtu, kesho anasifu shati lake, keshokutwa unamtafuta. Nikaapa kwamba siku ya mashindano makubwa nitamnyang'anya Makoye watu wote, shangazi zake pamoja nao, na Limi atasimama mbele yangu akinitazama mimi, na San Fransisko itamtoka kichwani.

Kulipopambazuka nilikamata jogoo nikaenda misheni kwa Padre Eustace. Yeye ni Mmarekani, amekaa huku mpaka anajibu salamu yetu ya mwangaluka kama Msukuma wa Shinyanga mjini. Nilimkuta anazibua bomba la maji, mikono imejaa tope.

"Shikamoo Padre."

"Marahaba Nkwabi. Mbona jogoo? Nani anaumwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nataka kujua, kule kwenu mji upi unapata wageni wengi kuliko yote?"

Akafuta mikono. "Chicago ni mji mzuri sana," akasema.

Nilijua baadaye kwamba kwao ni Chicago. "Padre, sikuuliza uzuri. Nimeuliza watu."

"Wapo wanaokuja Chicago. Tuna ziwa kubwa, kama lenu."

"Kuliko San Fransisko?"

Akakuna shingo. Nikaona mtu wa Mungu anasumbuka, nikampenda kwa mara ya kwanza, maana nilijua kitu gani kinamkuna. "San Fransisko wanaipenda sana," akasema. "Ina daraja."

"La daraja nimelisikia mpaka basi. Upi unaishinda?"

"New York," akasema, taratibu, kama anayetema mwiba wa samaki. "New York inatushinda wote. Wako wanaokwenda Washington kuona nyumba za serikali, wako wanaokwenda Las Vegas kucheza kamari, lakini New York haina msimu. Wanapanda juu ya nyumba ndefu, wanatazama chini, wanapiga picha, wanakwenda kuona sanamu la mama mwenye mwenge, wanarudi kwao."

"Na hiyo miji mingine siku hiyo inabaki tupu?"

"Kwa nini ibaki tupu?"

"Watu si wamehamia New York?"

"Nkwabi, haichezi uwanja mmoja," akasema. "Mtu anakwenda huku mwaka huu, mwaka ujao kule. Anachukua mke wake na watoto, wanakwenda kutembea."

"Na mke wake?"

"Ndiyo, na mke wake. Atamwachaje?"

Hilo la mke nililiacha pale pale penye tope. Wazungu wana mambo yao. Nilichotaka nilikuwa nimekipata, nikamwachia jogoo nikaenda zangu.

Tulijenga New York kwa mabua ya mtama na bati la madebe. Nyumba ndefu kuliko paa la kanisa, inabebwa na wanaume wanne waliofichwa ndani, na juu kabisa akapanda Tarsisi, kijana wangu mwepesi, amevaa shuka jeupe la mama yake na ameshika mwenge wa nyasi unaowaka kweli. Mzee mmoja alipouona katika mazoezi alilalamika kwamba Wamarekani wametuibia Mwenge wa Uhuru. Nikamwambia anyamaze, siku ya ngoma ataelewa. Nyumbani sikumwonyesha Limi chochote. Nilitaka aone siku hiyo hiyo, mbele ya watu.

Siku ikafika. Watu walitoka Isaka, wakatoka Ushirombo, baiskeli zimeegeshwa kila mti. Asubuhi Makoye alinishinda, sikatai. Daraja lake jekundu lilijaa watu pande zote, na Limi alikuwa mstari wa mbele, Melania mgongoni, shingo ndefu kama anayetafuta mtu. Mimi nilikuwa naimba nyimbo za kawaida huku natafuna mdomo wangu. Rafiki zangu walisema, "Nkwabi, toa nyumba." Nikasema subirini. Nilitaka Makoye ashibe kwanza.

Jua lilipoanza kuinama nikatoa New York. Ilitoka nyuma ya ghala la pamba inayumba, madebe yanametameta, Tarsisi juu anapunga moto, na mimi mbele yake naimba: San Fransisko ni daraja la kupita, nani analala darajani? New York, New York, haina msimu, wageni hawaishi, njooni mpande. Ngoma zikaingia. Nakuambia uwanja uliinama upande mmoja. Watoto walitangulia, wakafuata mama zao, wakafuata wazee na fimbo zao, na mwisho nikaona khanga za shangazi zake Makoye zinakuja mbio. Nilicheka mpaka nikapoteza wimbo kidogo. Wivu una utamu wake mtu akishinda, usidanganywe.

Mzee Donatus, msimamizi wa siku hiyo, akasimama kwenye kichuguu kuangalia upande wa pili kama pamebaki mtu. Alitakiwa kupandisha mkono wake kwangu. Hakupandisha. Alibaki ametazama kule.

Nikageuka. Upande wa Makoye palikuwa na vumbi, daraja, wachezaji wake waliochoka, na mtazamaji mmoja. Limi. Amesimama vile vile, mtoto mgongoni, na Makoye anacheza kwa ajili yake peke yake kama amelipwa na serikali.

Sasa niambie wewe. Ungefanya nini? Watu mia na mia wako kwangu, na ushindi wangu umeshikwa na mke wangu mwenyewe, mbele ya Ushirombo na Isaka. Jua limebaki kiganja kimoja. Nilipandisha sauti. Nikaimba jina la New York mpaka koo likauma. Nikamwambia Tarsisi apunge zaidi, akapunga, cheche zikamwangukia mtu kofia. Limi hakugeuza hata uso. Watu walianza kufuata macho yangu, na kunong'ona kukaanza, nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Si mke wa manju yule?"

Basi nikatupa chini usinga wangu wa kuongozea ngoma nikatoka kwenye duara. Nilivuka uwanja mzima kwa miguu yangu hii. Nilikuwa nimekwisha kupanga la kusema na la kufanya. Nilimfikia nikamshika mkono.

"Twende upande wetu," nikasema.

"Niache kidogo, Baba Melania. Bado natazama."

"Unamtazama nani? Sema watu wasikie. Unamtazama Makoye?"

Akanigeukia, na uso wake haukuwa wa mwanamke aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu aliyeamshwa usingizini. "Makoye?" akasema. "Makoye ana nini cha kutazama? Nautazama mji. Nilikuwa nimefika katikati ya daraja, na ukungu upo, na wewe unanivuta."

"Mji gani? Hizi ni mbao."

"Najua ni mbao. Ndizo nilizonazo. Wewe umeona Mwanza, umeona Tabora, umeona Nzega, unarudi unalala. Mimi tangu unioe sijaona hata reli ya Isaka. Nisimame wapi, kwenye New York yako? Ningefika juu ya nyumba yako ndefu ningeona nini, kama si nyumbani kwa mama yako?"

Mtu akacheka. Nikageuka kwa hasira kumtafuta, ndipo nikaona. Uwanja wote ulikuwa nyuma yangu. Watu wamependa ugomvi kuliko New York. Walinifuata wote, watoto, wazee, shangazi, wamejipanga kulizunguka daraja jekundu wakitusikiliza. Kule nilikotoka New York ilikuwa imesimama peke yake, hata wabebaji wametoka ndani yake kuja kutazama, na Tarsisi yuko juu anapiga kelele ashushwe. Jua likaingia ardhini hivi hivi tunatazamana. Mzee Donatus akapandisha mkono kwa Makoye, na Makoye mwenyewe alikuwa anashangaa.

Kushindwa ngoma nimewahi kushindwa, si habari. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda, nikasubiri Limi aje nimpige au nimwombe, sikujua ni lipi. Alikuja, akapika ugali kama kawaida, akaniwekea maji ya kunawa, hakununa hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Kama angenuna ningejua bado tunagombana.

Asubuhi nikamkuta amefunga khanga zake na nguo za Melania. Shangazi yake anakaa Mwanza, karibu na ziwa.

"Unakwenda kwa Makoye," nikasema. Nilijua si kweli, lakini nilitaka iwe kweli. Makoye ningemwendea na rungu.

"Nakwenda Isaka kupanda treni," akasema. "Nikaone ziwa."

"Ziwa ni maji tu."

"Nimesikia. Na treni ni chuma tu."

Nikasimama mlangoni. Nilikuwa naionea wivu Mwanza, mji mzima, na mawe yake, na samaki wake, na watu watakaopishana naye barabarani bila kujua ni mke wa nani. Nikatafuta neno la kumzuia, mimi ambaye nimetunga nyimbo za msimu mzima kwa kulala na kuamka, nikakosa. Mwisho nikamwuliza atarudi lini.

Akamweka mtoto sawa mgongoni, akanisogeza kwa bega, si kwa hasira, kama unavyosogeza ndama aliyelala njiani.

"Baba Melania," akasema, "ngoja kwanza niende."