Hatua ya Sita

Mwalimu Theodory alisomea ile kompyuta wiki mbili tu huko Arusha, akarudi Babati na maringo ya miaka kumi. Mapadre walikuwa wameileta shuleni na programu ya kufundishia uthibitisho wa hesabu: unaingiza hatua moja moja, kila hatua na sababu yake, mwisho inatoa alama. Haina mjomba wala shangazi, alipenda kusema. Mkuu wa shule akaamua basi ndiyo imchague mwanafunzi mmoja ambaye mapadre wangemsomesha kidato cha tano.

Walibaki wawili, Leonsi wa Maisaka na Kandida wa Sigino. Baba yake Kandida alishasema binti akikosa nafasi hiyo ataolewa kabla ya mavuno. Daftari zilikuwa zimeadimika kuliko sabuni, kwa hiyo waliandika ubaoni, na mwalimu, ambaye peke yake aliruhusiwa kugusa kompyuta, akaingiza.

Leonsi alipata sabini. Kandida aliandika hatua tisa, safi, nzuri hasa. Theodory alikuwa amefika ya tano jenereta ilipoanza kukohoa. Dizeli ilitolewa kwa kibali tu, na iliyobaki ilikuwa ya kuramba. Akaharakisha, akairuka ya sita. Kompyuta ikajibu kwamba hoja imekatika baada ya hatua ya tano, alama arobaini. Kisha ikazimika.

“Samahani, Mwalimu,” Kandida alisema taratibu. “Ya sita ipo ubaoni. Hukuiingiza.”

Ilikuwepo, na Theodory alijua. Dizeli nyingine ingekuja mwezi ujao, kama ingekuja, na jina lilitakiwa kesho. Angeweza kumwambia mkuu neno moja tu, nimekosea. Lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni mbele ya wanafunzi arobaini, akamchukia yule binti kwa kuwa sahihi.

Alichukua dasta, akafuta hatua zote tisa bila haraka. Akaligeukia darasa.

“Nani aliiona hatua ya sita?”

Wote walikuwa wameiona. Wote wakatazama madawati. Kandida akamtazama Leonsi, aliyekaa naye dawati moja miaka minne, na ambaye hesabu hizo alifundishwa na Kandida huyo huyo.

“Leonsi, wewe ulikuwa mbele kabisa,” mwalimu alisema.

Leonsi akasimama.

“Sikuiona, Mwalimu.”

Theodory akamwambia akae, akaliandika jina lake. Kisha akampa Kandida dasta, akamwagiza aende kuikung'uta nje.