Kanuni ya Nne

Tangu asubuhi Bi Majani alikuwa amejifungia stoo ya sayansi, akihesabu lenzi za mkono na kuwagombeza watu wasiokuwepo. Lenzi zilipaswa kuwa ishirini. Zilikuwa kumi na saba, na mbili kati ya hizo zina ufa. Pembeni alikuwa amepanga vipande vya kamba vya kupimia mraba wa nyasi, penseli, filimbi tatu, sanduku la huduma ya kwanza na bahasha nene ya fomu za ruhusa za wazazi. Safari ya darasa la nne kwenda hifadhi ya msitu ilikuwa imebakiza siku tisa, na maandalizi yote yalikuwa mikononi mwake, kama ilivyokuwa kila mwaka kwa miaka kumi na moja iliyopita. Hii ingekuwa ya kumi na mbili, na ya mwisho, kwa sababu mwaka ukiisha alikuwa anastaafu.

Jina la Bi Majani alipewa na wanafunzi, na alilipenda ingawa alijifanya halijui. Alichokuwa hataki kijulikane ni goti. Goti la kulia lilikuwa limemgeuka tangu mvua zilizopita. Akipanda ngazi za ofisini alishika ukuta, na akikutana na mtu katikati alijifanya anakagua rangi. Aliyejua ni mumewe peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemchua.

"Mama watoto," alimwambia, "mwaka huu waachie wenzio. Utu uzima dawa, lakini si dawa ya goti."

"Wewe chua," Bi Majani alimjibu. "Hotuba ziache."

Hakujali sherehe ya kuagwa. Sherehe za namna hiyo alishazihudhuria nyingi, mgeni rasmi akilisoma jina la mstaafu kwenye karatasi na bado akakosea. Alichokitaka ni kusimama kwenye lile daraja la mbao la hifadhini, ainue kidole, na watoto arobaini wanyamaze ghafla ili wasikie maji. Maisha yake yote ya ualimu hakuna mahali pengine walipomnyamazia bila kutishwa.

Kikwazo kilikuwa kanuni ya nne. Hifadhini shule yao haikuenda hivi hivi. Wiki moja kabla ya safari, kiongozi alikwenda na daftari la njia, akatembea njia nzima na saa mkononi, akaandika alichokiona na muda aliotumia, akatia sahihi. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa na kanuni sita, na ya nne ilisema: Mtu mzima yeyote asiyeweza kumaliza njia yote kwa saa moja na nusu asipewe kundi la watoto. Haikutoka wizarani wala hifadhini. Aliiandika Bi Majani, kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino wa bluu.

Na aliiandika kwa ajili ya mtu mmoja. Enzi hizo safari iliongozwa na mwalimu mzee, watoto wakimwita Babu Kokoto kwa vile mifuko yake haikukosa vijiwe. Mzee alitembea kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu, na kila mti alikuwa na neno nao. Bi Majani, mwenye miguu na uchu wakati ule, alimwendea mwalimu mkuu wa zamani akazungumza kwa huruma kuhusu usalama wa watoto, karatasi ya kanuni ikiwa tayari mkobani. Usalama wapi! Alikuwa anaitaka safari. Mzee akapimwa kwa saa, akachelewa, akaambiwa abaki shuleni karibu na simu.

Hakulalamika. Asubuhi ya safari alimfuata Bi Majani mlangoni mwa basi, akamwambia, "Mwanangu, mkimaliza zile ngazi kuna jiwe bapa. Kaeni hapo. Kaeni kabisa, mtulie, mtazame ng'ambo. Yupo hondohondo jike kajifungia kwenye tundu la mti na mayai yake. Mlango kauziba kwa udongo, kaacha ufa tu wa kulishwa na mumewe."

"Sawa, mzee," alisema Bi Majani. Alidhani ni visingizio vya miguu iliyochoka. Jiwe walilipita bila kukaa. Mwaka uliofuata mzee alistaafu, na haukupita muda akafariki. Baadaye Bi Majani aliutafuta ule mti, kila safari, akitupa jicho huku anawahimiza watoto, asiuone. Mwishowe akaamua kwamba mzee alikuwa anajitungia.

Siku ya kukagua njia ilipofika, mwalimu mkuu alisema mwaka huu waende wawili, macho manne ni bora kuliko mawili. Akampa mwalimu wa darasa la nne, binti aliyewahi kukaa dawati la mbele kwa Bi Majani na ambaye mpaka leo alimwamkia shikamoo kwa kupiga goti kidogo. Bi Majani aliliangalia goti lile linavyokunjika na kukunjuka bila shida, akaona wivu, na haya ya kuona wivu.

Njiani alitumia ujanja. Kila goti lilipomchoma, alipata somo la kufundisha. "Hebu tazama gome hili." "Hebu inama uone mchwa hawa wanavyopishana." Binti alitazama, aliinama, aliandika. Ngazi zilikuwa sitini na mbili. Zilipoisha, Bi Majani hakuwa na gome wala mchwa wa kusingizia. Alimwambia binti atangulie akague uzio wa bwawa, kisha akajishusha kwenye jiwe bapa huku jasho likimtoka.

Alikaa. Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Maumivu yalipopungua, akamwona ndege mkubwa mwenye mdomo uliopinda akitua kwenye shina ng'ambo ya korongo, tunda mdomoni. Kwenye shina palikuwa na kiraka cha udongo, na katikati ya kiraka ufa mwembamba. Ncha ya mdomo ikachomoza kutoka ndani, ikapokea tunda, ikarudi gizani.

Bi Majani alilia. Miaka kumi na moja alipita hapo akipiga filimbi, na kumbe kile kitu hakionekani ila kwa aliyekaa chini. Alimwomba mzee radhi, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. Lakini machozi hayajakauka, akili ilishahamia kwingine: siku ya safari atawaketisha watoto wote hapa, atainua kidole, atawaonyesha yeye. Kwa hiyo binti aliporudi kutoka bwawani, hakumwambia kitu.

Getini binti aliangalia saa. Walikuwa wametumia saa mbili na dakika kumi.

"Andika saa moja na dakika ishirini na tano," Bi Majani alisema. "Tulikuwa tunasimama kwa ajili ya mimea. Hiyo haihesabiwi."

Binti alishika kalamu bila kuandika. "Mwalimu, nisamehe. Wewe ndiye uliyetufundisha hivi: Usiandike unachotaka, andika ulichokiona."

Angekuwa mjeuri, Bi Majani angejua la kumfanya. Hakuwa mjeuri. Macho yake yalikuwa chini alipoandika saa mbili na dakika kumi.

Kesho yake mwalimu mkuu alimwita, akaligeuza daftari juu ya meza ili alisome. "Kanuni si yangu, Mwalimu. Nimeikuta."

"Naijua ilikotoka."

"Tunakuhitaji hapa. Utakuwa kituo chetu cha mawasiliano. Lolote likitokea huko, tunakupigia wewe."

Yaani kiti kilekile, karibu na simu ileile. Mkuki kwa nguruwe. Bi Majani alifungua mdomo kusema kanuni ya nne ifutwe, ni ya kijinga, haikuwahi kumlinda mtoto yeyote. Akaona kwamba ili ifutwe itabidi aeleze iliandikwa kwa nini. Akaufunga mdomo, akatia sahihi.

Siku zilizobaki alinuna. Alimkabidhi binti fomu, filimbi, lenzi kumi na saba na orodha ya watoto wenye pumu, kila kitu ila hondohondo. Wajionee wenyewe, alijisemea, si wana macho manne? Mumewe alimuuliza kulikoni, akamjibu hakuna kitu, na mume akajua kuna kitu, akachua kimya kimya.

Lakini asubuhi ya safari watoto walijaa madirishani mwa basi wakimwita. "Bi Majani, panda!" Kasichana kamoja kalikuwa kameweka kofia kwenye kiti cha mbele ili mtu asikikalie. Kinyongo kikamwishia hapo hapo. Alivuka uwanja akiburuta mguu, hakujali tena nani anaona, akamshika binti mkono mlangoni mwa basi.

"Mkimaliza ngazi, kwenye lile jiwe nilipokaa, kaeni. Wote. Mtulie, mtazame ng'ambo. Kuna hondohondo jike kajifungia ndani ya mti. Nimemwona kwa macho yangu."

Dereva aliwasha injini. Binti alimtazama Bi Majani usoni, akalitazama goti, kwa huruma kubwa, kisha akatazama saa. "Sawa, Mwalimu," alisema.

Siku nzima alikaa karibu na simu. Ililia mara moja tu, mama mmoja akiulizia sweta la mwanawe. Alasiri mwalimu mkuu alimwomba, kama hatajali, awasubiri watoto getini na ndoo ya maji, watarudi na kiu. Alikubali. Angefanya nini?

Basi lilifika saa tisa na nusu. Watoto walishuka na vumbi na makelele, mikono imejaa majani waliyomwokotea, wakamzunguka wakitaka maji. Bi Majani aliwachotea mmoja mmoja huku akimtafuta binti kwa macho. Alishuka wa mwisho, daftari kwapani, uso unang'aa.

"Mmemwona?" Bi Majani aliuliza.

"Nani, Mwalimu?" Kisha akakumbuka. "Aa! Hatukupata muda wa kukaa. Lakini tumemaliza kwa saa moja na robo!"

Kikombe kilibaki hewani. Maneno yale Bi Majani aliyajua, hata ile saa moja na robo. Aliyasema yeye, hapa hapa getini, kwa furaha hii hii, mbele ya mzee aliyekuwa ameshika ndoo, na mzee hakusema zaidi ya neno moja. Miaka yote hii alidhani neno lile lilikuwa pongezi.

"Vizuri," alisema Bi Majani, akamchotea maji mtoto aliyefuata.