Majina ya Rangi za Ng'ombe

Mwalimu Martina alikuwa amechoka kuambiwa kwamba kompyuta yake ni kibodi. Mafundi watatu wa Shinyanga mjini, mmoja baada ya mwingine, walikigeuza kile kidude cha mwaka 1984 juu chini, kisha wakamuuliza, "Sasa mama, kompyuta yenyewe iko wapi?" Jamani, si ndiyo hiyo hiyo! Unaiunganisha na televisheni, unachomeka ubavuni katriji, kile kijisanduku cha plastiki chenye programu, basi unaandika. Mbona marehemu mumewe, Pantaleo, aliandikia humo miaka sita na hakuuliza kompyuta iko wapi?

Alichokiandika ndicho kilichomnyima Martina raha. Pantaleo alizunguka kwa baiskeli vijiji vya Tinde, akiwauliza wazee majina ya Kisukuma ya rangi za ng'ombe, kila doa na kila mlia na jina lake, akayahifadhi yote kwenye kaseti moja. Wazee wale wamekwisha. Kaseti ipo, lakini bila katriji ile inatoa milio tu ya kuumiza masikio, na katriji ilipotea walipohama nyumba.

Aliitafuta miaka miwili. Mwanza walimcheka. Mtu mmoja mtandaoni, Ulaya huko, alikuwa nayo, akasema hatumi Tanzania. Mwingine akatuma, ikaja ya mashine nyingine kabisa, haiingii hata uisukume kwa goti. Siku hiyo Martina alilia, na kilichomliza ni hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndipo Jilala, mnunuzi wa vyuma chakavu wa Segese, alipobandika picha kwenye kundi la WhatsApp la vifaa vikuukuu, ambalo Martina alikuwa amejiunga nalo. Katikati ya lundo la redio na nyaya ilikuwepo katriji yenyewe, jina la programu likisomeka vizuri kabisa. Martina alimpigia papo hapo.

"Usimuuzie mtu! Nakuja kesho, hata kwa miguu. Wewe hujui kitu hicho kina thamani gani!"

Kesho yake mchana alishuka Segese, kaseti akiwa ameifunga kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Jilala, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mikono imebabuka kwa tindikali, alimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mayu," akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Jilala alifungua kikaratasi taratibu. Ndani mlikuwa na punje ya dhahabu, ndogo kuliko chembe ya ulezi.

"Nakuuliza katriji."

"Ndiyo hii, mayu. Uliposema nisimuuzie mtu, nikajua mama huyu ameshagundua kuna mali ndani. Nani atatoka Shinyanga kufuata plastiki? Nikaona nikupunguzie kazi. Yale meno yake ya dhahabu, pale inapochomekwa, nimeyakata nikayatia tindikali, chipu nimeichoma nikaisaga. Ila imetoa kidogo mno. Tugawane nusu kwa nusu, mimi sidhulumu mtu."

Martina alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Angekuwa na wa kumlaumu ingekuwa afadhali. Lakini mtu huyu hakumwibia wala hakumdanganya. Alimwamini tu, tena kupita kiasi.

"Kwani uliitakia nini, mayu?"

Akamweleza yote, kuanzia baiskeli ya Pantaleo hadi ile milio. Jilala alishika kichwa kwa mikono miwili, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

Ng'ombe kadhaa walikuwa wakivuka barabara mbele ya banda. Martina alimnyooshea kidole mmoja, mweusi, mwenye mkanda mweupe tumboni na usoni vidoa vidoa.

"Wewe Msukuma. Yule, rangi yake inaitwaje?"

Jilala alimkagua ng'ombe kuanzia pembe hadi mkia.

"Mweusi," alisema mwishowe. "Ila ana... ana weupe weupe."

Martina alifungua kinywa amsahihishe, kama alivyozoea darasani, akakuta hata yeye jina lenyewe halijui.