Msiba wa Pakiti ya Nusu Lita

Kiangazi kile Valentino alikuwa na masharti mawili. La kwanza: supamaketi ya Tabora aliyoisimamia isiuze bidhaa yoyote chini ya bei iliyopangwa na makao makuu. La pili: isifungwe hata siku moja. Akiyatimiza yote hadi tarehe 30 Septemba, angehamishiwa tawi la Morogoro, ambako mkewe Recheli alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Valentino alikuwa amemwona mtoto wake huyo mara mbili tu. Barua ya makao makuu ilieleza masharti hayo bila utata, na Valentino aliibandika ndani ya mlango wa kabati la ofisini ili aione kila anapochukua kalamu.

Bei hakuzipanga yeye. Pakiti ya maziwa ya nusu lita ilikuwa shilingi 1,500 mwezi Machi. Ilipofika Septemba ilikuwa 2,600. Jibini lilihamishiwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Siagi iliuzwa kwa wale walioiulizia kwa jina. Bei ya mtindi haikubadilika, ila kikopo chake kilipunguzwa kiasi kwamba kijiko cha chai kikiingia hakikuweza kugeuka.

Miezi mingine watu hununua maziwa kwa wauza maziwa wanaopita na madumu kwenye baiskeli. Lakini kiangazi wafugaji wa Nzega na Igunga huwapeleka ng'ombe malisho ya mbali, na maziwa machache yanayobaki huchukuliwa na gari la kiwanda. Kwa hiyo mji ulitegemea friji la Valentino. Kila Jumatatu asubuhi, alipokuwa akibadilisha vibandiko vya bei, wateja walisimama nyuma yake kimya, kama ndugu wanaosubiri daktari atoke chumba cha upasuaji.

Jumatatu ya tarehe 14 Septemba hawakusimama. Walikuwa wamekaa.

Aliyewakalisha ni Koleta, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, Mnyamwezi wa Ntalikwa, mwenye umri wa miaka sitini na minne. Kwa miaka sita alikuwa amenunua pakiti moja ya maziwa kila siku, na risiti zote anazo. Asubuhi hiyo alitandika mkeka mbele ya friji, akalaza pakiti moja katikati na kuifunika kanga hadi kwenye kibandiko cha bei. Wanawake wanane na wanaume wawili walikaa pamoja naye, wameshika tama. Valentino alipofika na vibandiko vyake, Koleta aliinuka, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole na msiba, mtani."

"Tumeshapoa, mama," Valentino akajibu.

Hapo ndipo alipokosea. Valentino alikuwa Mluguru wa Matombo, na Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe na kulala chini ya milima ya Uluguru, wakila vitu ambavyo hawakuvipanda. Mtani anaweza kukutukana ukacheka, kuchukua kuku wako ukanyamaza, na kwenye msiba wako ana mamlaka kuliko ndugu yako. Kama Valentino angeuliza ni msiba gani, mambo yangeishia pale. Lakini alilelewa na baba katekista, na tangu utotoni alikuwa akiijibu pole kwa namna ile moja tu aliyofundishwa. Anayepokea pole ndiye mfiwa. Koleta alimgeukia Elieth, keshia, akamuuliza kama amesikia. Elieth akasema amesikia.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa taratibu zake. Mtani mmoja alichukua ufunguo wa friji. Wengine waliondoa samaki na kuku kwenye friza refu la kulala, wakawahamishia kwenye friza jingine, wakatangaza kwamba hilo ndilo kaburi. Mwanamke mmoja mrefu alijifunga shuka jeupe akaigiza marehemu, kama watani wafanyavyo: alitembea polepole katikati ya rafu, na kila aliyemgusa alitajiwa bei mpya. Aliyemgusa mara mbili alitajiwa mbili.

Valentino alimwita mlinzi. Mlinzi huyo, Modest, alitoka Usoke na naye alikuwa Mnyamwezi. Alisikiliza shauri lote hadi mwisho, kisha akavua kofia. Alisema mkataba wake unamtaka azuie wezi, na hawa hawajatoka na kitu.

Valentino akamuuliza Koleta wanachotaka.

"Marehemu arudishiwe bei yake ya Machi," Koleta akasema. "Tukiiona, tutajua amefufuka. Tutakunja mkeka."

"Bei inatoka Dar es Salaam, mama. Nikiigusa, uhamisho wangu umekwisha."

"Basi tutakaa hadi arobaini. Na mfiwa ni wewe, kwa hiyo tutakula kwako."

Mfiwa huwalisha waombolezaji, na hawa waliomba chai ya maziwa. Valentino aliyanunua maziwa hayo kwa fedha zake, kwa bei ya kibandiko, kwa kuwa sharti la kwanza halikumsamehe hata yeye. Jumatatu zilikwenda pakiti kumi na nne. Jumanne zilikwenda thelathini na moja, kwa sababu habari ya msiba wenye chai ya maziwa ilikuwa imefika sokoni. Jioni hiyo Flavia, mkuu wa mauzo, alipiga simu kutoka makao makuu. Alisema ameona mauzo ya maziwa ya Tabora yakipanda na akamtaka Valentino aendelee na chochote anachokifanya. Valentino akasema ataendelea.

Alipiga hesabu usiku huo mara moja tu. Duka lilikuwa wazi, bei haijaguswa, masharti yote mawili yalikuwa salama. Lakini mshahara wake ungekwisha Jumamosi, na baada ya Jumamosi ingebidi avunje mojawapo.

Jumatano asubuhi alikaa kando ya marehemu, kwa kuwa mfiwa hukaa. Hakuwa na cha kusoma isipokuwa pakiti. Aliifunua kanga, akasoma jina la kiwanda, kiasi cha mafuta, tarehe ya mwisho wa matumizi, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, mstari mmoja ambao aliusoma mara tatu. Kisha akasimama.

"Mama Koleta, huyu marehemu ni wa wapi?"

"Wa dukani kwako."

"Dukani kwangu alikuja kikazi. Soma hapo chini."

Koleta akavaa miwani. Mstari ule ulisema maziwa yamekusanywa Puge, wilaya ya Nzega. Katika miaka thelathini na mmoja ya ukarani, Koleta hakuwahi kuacha kuandika ushahidi kwa sababu ulimuumiza aliyeuleta. Aliusoma tena, akaigeuza pakiti kuona kama upande wa pili unapinga. Haukupinga.

"Amezaliwa Puge," akasema.

"Na Puge ni kwa nani?"

"Ni kwetu."

"Basi waliofiwa ni ninyi, na mtani ni mimi. Pole na msiba, mama."

Wale wanawake wote walimtazama Koleta, na mmoja alimvuta nguo asijibu. Lakini Koleta aliona kwamba utaratibu aliouanzisha mwenyewe hauwezi kuishia pale unapomgeukia.

"Tumeshapoa," akasema.

Valentino alivua viatu, akaviweka sawasawa kando ya friza, akaingia na kulala chali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kaburi likiwa tayari, mtani anaweza kulala ndani yake, na maiti haizikwi mpaka wafiwa wamlipe atoke. Valentino alikunja mikono kifuani na kutaja malipo yake: kila mfiwa anunue pakiti mbili, kwa bei iliyoandikwa.

Wakaanza kumpunguza, kama ilivyo kawaida. Walisema pakiti moja. Walisema pakiti moja watu wawili. Mwanamke mrefu alisema mtu wa milimani akilazwa tambarare hupata kizunguzungu, kwa hiyo wasubiri tu atatoka mwenyewe. Valentino alijibu kutoka chini kwamba babu zao walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa miguu, na wajukuu wameshindwa kubeba pakiti mbili hadi getini. Wakacheka sana, lakini hawakulipa.

Hakuna aliyekuwa amelizima friza. Kipimajoto chake kilionyesha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Modest alianza kuandika muda kwenye daftari la wageni. Dakika ya sita utani wa Valentino ulikuwa umefupika. Dakika ya tisa nyusi zake zilikuwa nyeupe. Dakika ya kumi na moja meno yake yaligongana mfululizo, lakini alipoulizwa bei aliitaja ileile, bila kupunguza shilingi.

Koleta aliinama ukingoni.

"Mtani, toka. Utakufa kweli."

"Nina mtoto Morogoro, mama," Valentino akasema. "Pakiti mbili."

Koleta alifungua pochi yake, akaenda kwa Elieth, akalipa. Akachukua risiti. Wengine kumi wakamfuata. Wakati huo habari ilikuwa imetoka nje kwamba kuna mtani anaganda kaburini na Wanyamwezi wanatakiwa kumkomboa, na watu wakaja kutoka sokoni, stendi na bomani. Wasiojua kama marehemu aliwahusu walinunua kwa tahadhari. Dakika ya kumi na tisa Modest na wanaume wawili walimtoa Valentino akiwa amekakamaa kama ubao, wakamkalisha juani, wakamfunika kanga ya marehemu. Waliofika baada ya hapo walilipa pia, maana hakuna aliyetaka kuja kuambiwa kwamba hakuchangia msiba. Saa sita mchana friji lilikuwa tupu. Zilikuwa zimeuzwa pakiti mia nne na kumi na mbili.

Pakiti ya mkekani ilizikwa muda huohuo. Elieth alikumbusha kwamba haijalipiwa. Koleta akailipia.

Ijumaa Flavia alipiga simu tena, akiwa na furaha. Makao makuu hayakuwahi kuona kitu kama hicho: bei imepanda, na wateja wamenunua zaidi. Kwa hiyo yameamuliwa mambo mawili. Kuanzia Jumatatu pakiti itakuwa shilingi 2,900, kwa kuwa Tabora imeonyesha inaweza. Na kwa kuwa hakuna meneja mwingine aliyewahi kufanya hivyo, Valentino atabaki Tabora miaka miwili zaidi. Morogoro amepewa mtu mwingine.

Valentino aliuliza kama kuna sharti ambalo hakulitimiza. Flavia alifungua faili, akaangalia, akasema ameyatimiza yote mawili.

Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya friji akibandika vibandiko vipya, na watu walikuwa wamesimama nyuma yake kimya. Koleta aliingia akiwa na kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando, alicholetewa kwa basi kutoka kwa shemeji yake wa Puge. Elieth alikuwa amemweleza habari ya simu. Hakuja na mkeka. Aliweka kibuyu chini, akamshika Valentino mkono kwa mikono miwili.

"Pole na msiba, Valentino."

Valentino aliutazama mkono wake ndani ya mikono ya yule mama. Safari hii hakujibu upesi. Alijua sasa jibu lile linagharimu kiasi gani, na alijua pia kwamba angeweza kuuliza ni msiba gani.

"Tumeshapoa, mama," akasema.

Modest akavua kofia. Elieth akaenda kutafuta mkeka.