Uzi Mwekundu Chini ya Boneti

Uzi huo niliufunga mimi mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, nikiwa bado na kitambaa cha kina mama kichwani. Ulikuwa mwekundu, ule wa kushonea vitambaa vya meza. Niliuzungusha kwenye kifuniko cha kumwagia oili, nikauvuta mpaka kwenye kijiti cha kupimia, nikafunga fundo. Mtu akitaka kutoa oili juu, ama kupima tu, lazima aukate.

Shemeji yangu Gichuru alikuwa ameshikilia boneti.

"Na chini?" akauliza.

"Fundi Muteti amepaka rangi ile bolti ya chini ya kutolea oili. Ikifunguliwa, rangi itapasuka."

"Sawa. Jumamosi tunafungua huko Kajiado, mbele ya watu wa huyo dereva wako. Tukipata uzi umekatwa, Lemein anaenda nyumbani. Kijana yangu Gitonga anashika usukani, na sitaki machozi, Mama Wacuka."

Gari lenyewe ni Probox, aliniachia marehemu mume wangu. Kila siku inatoa maziwa ya kina mama wa Kajiado, asubuhi na jioni, inayaleta Kitengela. Lemein ndiye ameiendesha tangu tuzike. Mkewe, Priscilla, ndiye hunikusanyia hayo maziwa, tena ndiye mwenzangu wa maombi. Siku zile za matanga alilala kwangu sakafuni. Kwa hivyo kama Lemein alikuwa mwizi, singepoteza dereva peke yake.

Haya yote yaliletwa na oili. Zamani tulikuwa tunaweka oili ya sinthetiki ya galoni ya kijivu, imeandikwa 5W-40. Halafu Gichuru akaja na galoni ya dhahabu, 0W-20, kama anayoweka kwa gari lake jipya.

"Hii ndiyo oili," akasema. "Gari la ndugu yangu haliwezi kunywa takataka."

Muteti alimwaga zote mbili kwa glasi za chai, akaziinamisha. Ya dhahabu ilikimbia karibu kama maji. Ya kijivu ilishuka polepole, ikishika glasi.

"Zote ni safi, mama. Hakuna feki hapa," Muteti akasema. "Lakini hii nyepesi imetengenezewa injini mpya, imebanana. Hii yako imekula chumvi. Ningekuwa wewe ningebaki na ya kijivu."

"Wewe unataka kuuza ile yako," Gichuru akamkata. "Weka ya dhahabu."

Iliwekwa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ilikuwa zawadi, na kwa sababu ni shemeji. Lakini ile glasi sikuisahau.

Baada ya wiki chache Lemein akaniambia oili inapungua. Tukaongeza, ikapungua tena. Gichuru aliposikia akacheka. "Si ndio ujanja huo? Anakwambia mapema ndio usimshuku. Hiyo oili ni ghali, inauzwa na chupa ya soda pale kwa bodaboda." Alisema hayo nje ya kanisa, watu wakisikia. Nikajaza oili, nikafunga uzi.

Jumamosi Lemein alitangulia na Probox, mikebe ya maziwa ikiwa tupu nyuma. Mimi na Gichuru tulifuata na gari lake. Lemein hakuuliza kwa nini tunaenda. Alinisalimia tu kwa Kimaasai, "Takwenya, yeyo," yaani mama, nikamjibu, "Iko," kama siku zote, na macho yake hayakukaa kwangu.

Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na nilikuwa naangalia. Kwa matuta ya Isinya, Lemein akapunguza mwendo, akakanyaga tena. Moshi ukatoka nyuma, wa bluu. Tuta la pili, moshi tena. Harufu ikaingia kwetu, kama mafuta yaliyoungua kwa sufuria.

"Umeona?" nikauliza.

"Vumbi," Gichuru akasema. Akapandisha kioo.

Tulikuwa tumepita Isinya, mbele ni nyasi kavu na lori za mawe, wakati Probox iliwasha indiketa ikatoka barabarani. Lemein akazima injini, akaja mpaka dirisha langu. Alikuwa anatokwa na jasho.

"Yeyo, taa ya oili imewaka. Nikifungua boneti nipime, ule uzi unakatika, na mimi ni mwizi. Nisipofungua, nikiendelea, injini inakufa. Sema wewe."

Nilihisi uso ukichomeka. "Uliuona lini?"

"Jumatatu. Mimi hupima oili kila asubuhi kabla niwashe. Wiki hii yote sijapima."

"Asiguse!" Gichuru akaruka. "Atakata hapa njiani halafu aseme ulikatika. Mama Wacuka, tumesema Kajiado. Watu wanangoja, nimempigia Priscilla mwenyewe, nikamwambia alete wazee."

"Na injini ikikwama kabla ya Kajiado?"

"Tutalivuta."

"Baba Gitonga, injini iliyokufa haivutwi ikafufuka. Hilo ndilo gari niko nalo."

Lemein alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, kama mtu anangoja kusomewa hukumu. Lori ikapita, upepo wake ukatutikisa wote. Nikaona kitu kimoja wazi. Uzi ukikatwa bila Gichuru kuushika, hata nikiapa, ataenda kusema alivyosema nje ya kanisa. Nikashuka.

"Lemein, fungua boneti, halafu rudi kando. Baba Gitonga, njoo ushike hili fundo."

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa hapo nikilifunga. Vaa miwani."

Alikuja akilalamika juu ya jua. Aliinama, akavuta uzi huku na huku. Ulikuwa umeingia vumbi, lakini fundo lilikuwa lile langu, la kushona, lenye mizunguko mitatu.

"Ni zima?"

Akauvuta tena.

"Nakuuliza, shemeji. Ni zima ama limekatwa?"

"Ni zima," akasema, kwa sauti ya mtu anang'olewa jino.

"Sasa angalia bolti ya chini."

"Na hii suruali?"

"Suruali inafuliwa."

Akapiga magoti kwenye changarawe, akachungulia. Akainuka. Alipangusa magoti tu, na hapo nikajua rangi iko sawa.

Niliukata uzi kwa meno. Kijiti kilitoka kikavu, kimelowa nchani tu. Oili ilikuwa imetoka na ule moshi. Lemein akafungua buti, akatoa galoni mbili: ya dhahabu iliyobaki, na ya kijivu ya zamani. Ile ya kijivu ilikuwa karibu nusu, wiki hizo zote, hakuna aliyeigusa. Gichuru aliiangalia hiyo nusu, akageuza uso.

"Weka ya dhahabu," akasema hata hivyo. "Usichanganye."

Nilidondosha ya dhahabu kwenye kiganja cha kushoto, ya kijivu kwenye cha kulia. Mikono yangu imezoea samli, inajua kitu kinachoshika na kisichoshika. Ya kushoto ilikuwa imeshafika kwa kiwiko.

"Hii yako rudi nayo, shemeji. Ni nzuri, weka kwa gari lako. Lemein, mwaga ya kijivu."

Akamwaga, akangoja, akapima, akaongeza. Akawasha. Sote watatu tulikuwa tunaangalia ile taa. Ilikaa ikiwaka. Nikaita jina la Yesu. Ikazima.

Gichuru akaenda kwa gari lake, akaanza kuligeuza kuelekea Kitengela. Nikasimama mbele yake.

"Uliita wazee. Utakuja uwaambie umeona nini."

"Mama Wacuka, mambo imeisha…"

"Ulimtaja kwa watu. Haijaisha."

Akabaki ameshika usukani, akiangalia mbele. Sikumngoja ajibu. Nilirudi kwa Probox. Lemein alikuwa anajifuta mikono na gazeti, kidole kwa kidole.

"Yeyo," akasema bila kuniangalia, "huo uzi. Ni yeye alifunga, ama ni wewe?"

Ningeweza kusema ni sisi wawili.

"Ni mimi," nikasema.

Akakunja gazeti, akaliweka chini ya kiti. Akashika funguo, nikafikiri atanipa hapo hapo, na mimi sijui kuendesha hata baiskeli.

"Basi kaa mbele na mimi," akasema mwishowe. "Tukifika, hayo ya uzi ni wewe utamwambia Priscilla. Mimi sitamwambia."

Nikaingia, nikafunga mlango. Akaondoka taratibu, macho yake kwa ile taa, na yangu pia. Kwa kioo cha kando niliona gari la Gichuru limegeuka tena. Lilikuwa linatufuata, kwa mbali.